Nani kakusafishia nyota?

Huku kwetu ukionekana tu unapendwapendwa na watu, wanataka wajue mganga wako ni nani. Mi nafanya kazi ya uMC hapa Mtwara mjini, harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, hata uzinduzi wa duka la nguo nimeshaitwa, na kila baada ya shughuli lazima atokee mtu anivute pembeni aniulize, "njomba, nyota yako nani kakusafishia?" Wengine wanatania. Wengine wamekaza macho kabisa wanasubiri niwatajie kijiji. Ukisema hujaenda popote wanakupa ile cheka ya haya bana, ficha tu.

Kwahiyo leo nimekaa niandike ninachofikiria juu ya hii kitu, haiba, mvuto, kibali, nyota, iteni mnavyoita. Kwa upande wangu siamini kama mvuto unakaa ndani ya mwenye nao. Unakaa kwa wale wanaomtazama, wao ndio wanampa na wao ndio wanamnyang'anya. Na mfano wa kwanza ni mi mwenyewe. Jumamosi usiku nikiwa na suti na maiki mkononi ukumbi mzima unanicheka hata pale ambapo sijachekesha, mama zangu watu wazima wanapanga foleni kupiga picha, bwana harusi mwenyewe ananiangalia kwa wivu kidogo. Jumatatu nikienda Soko Kuu na kandambili na kapu, muuza nyanya ananipita mara tatu anawahudumia waliokuja nyuma yangu, mpaka nipandishe sauti. Mtu ni yule yule, sura ile ile, sauti ile ile. Kama ingekuwa kitu kimeingia kwenye damu si ningeenda nacho mpaka sokoni?

Na kinyume chake kipo pia, yule ambaye tunasema ana damu ya kunguni. Hajakukosea, hajakuibia, hajakusema, ila akikaa tu karibu yako unahisi kama umebanwa. Ukiulizwa kafanya nini huna jibu. Tunamwambia ana gundu, yaani tunamtupia yeye kesi, wakati kesi yote iko kichwani kwetu sisi tuliomtazama.

Kuna jamaa wawili wa chuo kikuu cha Princeton kule Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, mwaka 2006 walitoa utafiti ambao mi nikiusoma naona ukumbi wangu. Waliwaonyesha watu picha za sura wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kope haijamaliza kupepesa, alafu wakawauliza huyu anaaminika? anapendeka? anaonekana anaweza kazi? Majibu yakafanana sana na ya watu waliopewa muda wa kuangalia wanavyotaka. Kukaa na picha muda mrefu hakukubadilisha sana maoni, kulichoongeza ni kujiamini tu kwamba nimehukumu sawasawa. Sasa ndo ujue kwanini MC mzoefu hatokei mlangoni anafuta jasho huku anamuuliza dijei waya uko wapi. Mi nafika ukumbini kabla viti havijapangwa, nipime maiki, nijue ile inayokoroma ni ipi, nijifiche, alafu nitokee mara moja tayari natabasamu. Ukumbi unakuhukumu kabla hujasema haloo haloo, na hukumu ikishapita unafanya kazi usiku mzima kuirekebisha.

Alafu likishaingia hilo la kwanza linavuta mengine. Mmarekani mwingine, Edward Thorndike, alilionyesha hili mwaka 1920, maofisa wa jeshi waliombwa wawape alama wanajeshi wao kwa kila sifa peke yake, akili peke yake, mwili peke yake, tabia peke yake, lakini alama zikaja zimeandamana, aliyeonekana mzuri kwa moja kaonekana mzuri kwa zote. Na sisi ndo hivo hivo, mtu mrefu kavaa vizuri anaongea Kiswahili kilichonyooka basi tunadhani na hesabu za kamati anaziweza, tunampa uweka hazina. (Nyinyi mnaonijua mnajua kamati gani naisema, sitaji.)

Ila mvuto siyo wa aina moja, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Huko Canada, chuo cha Toronto, Konstantin Tskhay na wenzake mwaka 2018 walijaribu kuupima huu mvuto wa watu wa kawaida, siyo wa marais, wakakuta umegawanyika pande mbili. Upande mmoja ni ule uzito, mtu akiingia watu wanajua kaingia, ana uwezo wa kushawishi, anajua kuongoza kundi. Upande wa pili ni wepesi, mtu anayetabasamu, anayekufanya ujisikie uko nyumbani, anaelewana na yoyote. Na unaweza ukawa na huu bila ule.

Nilivyosoma hivo nikawaona watu wawili mbele yangu.

Wa kwanza ni mzee mmoja nilimkuta kijiji kimoja cha Tandahimba, nlienda kwenye mambo ya harusi ya mtoto wa pale nikakuta siku hiyo kuna mnada wa korosho. Waliowahi kuona mnada wanajua, bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya wakulima, kuna joto, kuna vumbi, kila mtu ana hesabu yake kichwani ya salfa, ile dawa ya mikorosho, aliyokopa na ada ya mtoto, na bei ikisomwa chini ya matarajio watu wanalipuka "hatuuziii!" Siku ile ikawa hivo hivo. Viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wanajaribu kutuliza, wana spika, wana meza, wana karatasi, hakuna anayewasikia. Mara kasimama huyu mzee. Hakunyoosha mkono, hakuomba maiki, kanzu yake yenyewe imechoka. Kasimama tu akangoja. Na watu wakaanza kunyamazishana wenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma, "babu anataka kusema, we nyamaza, babu anasema." Akasema maneno machache kwa sauti ndogo mpaka waliokaa nyuma walisogea, kwamba bei ni ndogo kweli, lakini mvua ikizikuta ghalani mtauza kwa hiyo mnayoikataa? Akakaa. Mi sijui kama ushauri wake ulikuwa sahihi kwa hela, mana siyo mkulima, lakini niliwaona watu waliokuwa wamesimama juu ya viti wakishuka.

Nikamuuliza kijana wa pembeni, huyu mzee ana cheo gani? Akaniambia hana, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji zamani akaachia. Alafu akaongeza, "huyo hajawahi kusema jambo likaenda ndivyo sivyo." Hayo maneno nimeyabeba. Mana mimi mgeni nilimuona mzee mchovu wa kanzu, na wao wanaona miaka yote aliyowaambia kitu kikatokea. Mvuto wake ulikuwa umewekwa kwenye kumbukumbu za wale watu, mimi sikuwa na hizo kumbukumbu ndo mana kwa dakika za mwanzo nlishangaa wanamnyamazia nini.

Wa pili ni mama mmoja anakaanga pweza feri, pale watu wanaposubiri kuvuka kwenda Msangamkuu. Wakaangaji wako wengi na pweza ni yule yule wa bahari ile ile. Lakini kwake kuna watu hawana hata hela wanakaa tu. Huyu hana uzito wowote, ukimpa maiki leo atakimbia. Anachofanya ni kwamba ukifika anaendelea pale mlipoishia. "Yule mtoto homa imeshuka?" "Ile kesi ya kiwanja mmefikia wapi?" Ulimwambia mwezi uliopita ukiwa unatafuna huku unaangalia maji, hukumbuki hata kama ulimwambia, yeye kaweka. Na akikuuliza anaacha kugeuza pweza, anakutazama. Mpaka pweza aungue kidogo. Watu wanasema ana dawa kwenye sufuria, we, mtu anayekumbuka jina la mtoto wako dunia hii ya kila mtu na simu yake, anahitaji dawa ya nini?

Mi kwenye kazi yangu naazima kwa wote wawili, na nakiri kabisa kwamba ni kuazima. Mana upande mkubwa unafundishika, msidanganywe. Kuna profesa wa chuo kikuu cha Lausanne, Uswisi, John Antonakis, na wenzake mwaka 2011 walichukua mameneja wakawafundisha mbinu za kuongea zenye mvuto, na baada ya mafunzo wakaonekana na haiba kuliko mwanzo. Mbinu zenyewe ukiziona utasema aa, hizi si za bibi zetu? Piga mfano, simulia kisa, uliza swali ambalo halihitaji jibu, weka vitu vitatu vitatu, linganisha hiki na kile, sema kwa hisia kwamba jambo ni la haki, alafu sauti ipande na kushuka, uso uongee, mikono iongee. Mi kufungua ukumbi huwa nasema "nani katoka Newala?" kelele, "nani katoka Masasi?" kelele, "nani hajui katoka wapi?" hapo ukumbi unavunjika, na hakuna siku imewahi kukataa. Siyo kwamba ni kichekesho kikubwa. Ni vitatu, na cha tatu kinageuka. Ukiweka vinne wanachoka, ukiweka viwili hawajakaa sawa.

Na siri nyingine niitoe leo wenzangu wakasirike. Kabla sijaanza huwa natafuta mashangazi wawili, wale ambao hata kwenye msiba sauti inasikika, nawaomba wakae karibu na mbele. Nikisema jambo la kwanza wao wanapiga kigelegele, na kigelegele kikishapigwa mbele kule nyuma wanaitikia hata kama hawajasikia nimesema nini. Ndani ya dakika tano ukumbi unaamini MC ni moto. James Meindl, alikuwa mtafiti wa mambo ya uongozi kule Marekani, yeye alisema mvuto wa kiongozi unasambaa kati ya wafuasi wenyewe kwa wenyewe kama maambukizi, na kiongozi anaweza asiwe na mchango mkubwa kama tunavyodhani. Mashangazi wangu hawajawahi kumsikia huyo Meindl ila wangemfundisha vizuri tu.

Sasa hapa nisogee kwenye jambo zito kidogo, mana huku kusini mvuto umeshawahi kubeba watu wengi sana, na wengi hawakurudi. Kinjeketile wa Ngarambe, yule wa vita ya Maji Maji. Masimulizi ya Wamatumbi yaliyokusanywa na wanahistoria wetu yanasema mtu huyu alichukuliwa na pepo akaingia kwenye maji, ndugu zake wakajua kafa, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Baada ya hapo watu wakaanza kumiminika Ngarambe, ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji, kufuata ile dawa ya maji, iliyosemwa inageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Fikiria hapakuwa na redio wala simu, miguu tu na mdomo. Mjerumani kawalazimisha pamba, kawalazimisha kodi, viboko, na kila ukoo ulikuwa na mganga wake na mzimu wake, lakini huyu mmoja ndo kila mtu akaona ni wake. Wale wa Nandete, Kilwa, hata amri yake hawakuisubiri, Julai 1905 wakang'oa pamba, vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga. Na hapo sasa, kama mvuto ungekuwa ni wa mtu, ungekufa naye Agosti ile ile. Vita ndo kwanza ikapamba moto, wapelekaji wa maji wakaendelea kusambaa, misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa, ikafika Ungoni, ikafika mpaka 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, yanaanzia 75,000 mpaka 300,000.

Wakati huo huo kule Ujerumani, mji wa Heidelberg, kulikuwa na msomi anaitwa Max Weber, ndiye ambaye baadaye aliandika maneno yanayosomwa mpaka leo kuhusu haiba na utawala. Alisema kuna wanaotii kwa sababu ya mila, kuna wanaotii kwa sababu ya sheria na ofisi, na kuna wanaotii kwa sababu wanaamini huyu mtu ana kipawa kisicho cha kawaida. Na akasisitiza kwamba katika huo utii wa tatu, la msingi ni wafuasi wanamuonaje, siyo kwamba kipawa kikipimwa kipo au hakipo. Na kwamba kinadai uthibitisho, uthibitisho usipokuja kinaondoka. Mi nikisoma hapo namuona mtu wa Umatumbi ambaye ameona risasi haikugeuka maji. Wengine waliacha siku hiyo hiyo. Wengine walisema aliyepigwa risasi alivunja mwiko, dawa haina kosa. Huo ndo ugumu wake, macho yaliyokwisha kumpenda mtu yanamtafutia sababu.

Nije kwa mtu wa nyumbani zaidi. Mzee Mkapa, rais wetu wa tatu, mtoto wa Lupaso, Masasi. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, wazee wanaokumbuka watakwambia mvuto wote ulikuwa kwa Augustino Mrema, watu walikuwa wanalisukuma gari lake kwa mikono, gari zima lina mafuta! Mkapa alionekana msomi, mkavu, hana maneno ya kuchekesha, mpaka Mwalimu Nyerere akazunguka kumuombea. Akashinda kwa asilimia 61.8, Mrema akapata 27.8. Sasa nenda leo kaulize kijiwe chochote cha kahawa Mikindani kuhusu Mkapa. Utaambiwa yule mzee alikuwa na haiba yake! Anavyotembea! Ile sauti! Ukavu ule ule wa 1995 sasa hivi unaitwa uzito. Kilichobadilika ni nini? Mi nasema mojawapo ni daraja la Rufiji, lililofunguliwa 2003 na lina jina lake. Aliyewahi kusubiri kivuko pale Ndundu, masika, gari zimepanga foleni, watoto wanalia, unalala njiani kwenda Dar es Salaam kana kwamba unakwenda nchi nyingine, huyo akivuka pale juu sasa hivi ananyanyua macho na sura ya mzee inamjia imependeza. Mvuto unaweza kurudi nyuma ukamvika mtu miaka ambayo hakuwa nao.

Kuhusu dawa zenyewe, za kuoga na za kujipaka, nisiwe mnafiki, nina marafiki wanatumia na wanasema zinafanya kazi. Nawaamini kwamba wanaona mabadiliko. Mtu akitoka kwa mganga anatembea kifua mbele, anasalimia watu kwa sauti, anawatazama machoni kwa sababu anajua leo watanipenda, na watu kweli wanampenda, wangempenda hata angeoga maji ya bomba. Shida inakuja akihisi imeisha nguvu, anarudi tena, na bei imepanda.

Kingine kinachonisumbua, na hiki nimekiona kwa macho kwenye kazi. Kuna dada mmoja MC hapa mjini, simtaji, mi namwambia uso kwa uso kwamba ananizidi. Ana sauti, ana kumbukumbu ya majina, anajua kungoja. Anavyosimama akanyamaza mpaka ukumbi utulie ni kama yule mzee wa Tandahimba kabisa. Mi nikifanya vile watu wanasema "MC ana haiba." Yeye akifanya vile vile nimesikia meza ya wanaume wakisema "huyu dada mkavu wa macho" na "anajifanya mjuaji." Kitendo kimoja! Na ajabu ni kwamba sisi huku tuna makungwi, bibi kizee wa unyago akisimama hakuna mwanamke anayepumua vibaya, tumelelewa na wanawake wenye uzito huo, ila tukikaa ukumbini na soda tunasahau. Kwahiyo dada anaitwa sana kicheni pati, na harusi kubwa tunapewa sisi.

Msimu wa korosho uliopita kamati moja ikampa harusi ya mseto, watu wengi, wageni kutoka Dar. Kwenye kikao cha mwisho baba mmoja akauliza kwa upole kabisa kama kutakuwa na mwanaume wa kumsaidia kufungua ukumbi. Akajibu, "baba yangu, maiki ina swichi, ukiisukuma inafunguka yenyewe." Kikao kikacheka, kazi akaifanya, ukumbi ukawaka mpaka saa nane. Hela walimlipa pungufu ya ile waliyokuwa wametajiwa na mimi, na mwenyekiti wa kamati mwenyewe ndo aliyeniambia, anasifia kabisa, kwamba yule dada ana nyota, alafu ni bei rahisi.